Mgonjwa Aliyepona

Neno la kwanza alilolitamka mama mkwe tangu apigwe na kiharusi lilikuwa "Bibi Harusi." Aliyelisikia alikuwa mke wa mwanawe mkubwa, Mama Pacha, ambaye wakati huo mikono yake ilikuwa imezama kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akimsafisha mgongo.

Mikono ikasimama.

"Kasema!" alipaza sauti msusi, yule aliyelazwa sakafuni kwenye godoro kati ya kitanda hiki na cha pili, mguu umefungwa ubao toka nyonga hadi kifundo. "Jamani, bibi wa dirishani kasema! Sista! Sista, njoo usikie!"

Wadi ya wanawake ikachangamka. Waliolala wawili wawili kitanda kimoja wakainua vichwa kwa zamu. Mama Pacha ndiye aliyepaswa kufurahi kuliko wote. Ndiye aliyekuwa akija alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, tangu siku walipomleta mama huyo amebebwa kwenye shuka, mdomo umekwenda upande. Alimlisha uji kwa kijiko cha chai, akabeba uchafu wake mpaka choo cha mwisho wa ukumbi, akafua nguo zake kwa maji ya kugombania. Na muda wote huo alikuwa akijipa moyo kwamba siku kinywa kile kitakapofunguka, kitasema, "Ahsante, mwanangu." Hata ahsante tupu ingetosha.

Bibi Harusi alikuwa mtu mwingine. Ndivyo mama mkwe alivyomwita mke wa mwanawe mdogo tangu siku ya ndoa mpaka leo, ingawa picha za harusi yenyewe zilishaanza kufifia ukutani. Bibi Harusi kaja, mpeni kiti. Bibi Harusi mtu wa ofisi, asishike sufuria la moto. Mama Pacha yeye aliitwa "wewe," na siku njema sana, "mama wa watoto."

"Sema tena, mama," alibembeleza, akimgeuza taratibu. "Unataka nini?"

Mama mkwe alimtazama kwa jicho lililo zima. "Bibi Harusi," alisema, bila kigugumizi.

Mama Pacha alikamua kitambaa kwa hasira mpaka maji yakamrukia msusi usoni.

"Taratibu, dada," alisema msusi akijifuta. "Mimi nimeshaoga."

Daktari kijana alifika na wanafunzi wake, akasimama miguuni mwa kitanda kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. "Huyu alifikishwa mapema," aliwaambia. "Tukampiga picha ya kichwa kwenye mashine mpya, tukaiona damu iliyoganda, tukampa sindano ya kuiyeyusha. Zamani mgonjwa wa namna hii tungemfunika shuka. Leo huyu hapa, anaongea." Wanafunzi walimtazama mama mkwe kama watu wanavyotazama gari lililotolewa mtoni likawaka. Naye akawatazama mmoja mmoja, akawaambia wote, "Bibi Harusi."

Walipoondoka, Sista alibaki. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, msimamizi wa wadi, na siku hiyo alikuwa yeye na msaidizi mmoja kwa ukumbi mzima.

"Hongereni, mama. Mgonjwa wenu amepona. Kilichobaki ni kumgeuza, kumlisha na kumfanyisha mazoezi, na hayo ni kazi ya nyumbani. Kesho njooni na gari."

"Kesho hii?"

"Hata leo, gari likiwepo." Alionyesha sakafu kwa kidevu. "Msusi huyu anasubiri kuwekewa chuma mguuni. Daktari wa mifupa yupo, chuma kipo, chumba cha upasuaji kipo. Ambacho hakipo ni kitanda cha kumlaza akitoka huko. Mtu aliyepasuliwa mfupa simrudishi sakafuni. Kidonda kikiingia uchafu ataniponyoka."

Msusi alipunga mkono toka chini, kama mtu aliyetajwa jina mkutanoni.

*

Walikuwa wakiishi vyumba viwili vya juu, ngazi ya chuma ikipita nje ya jengo, bomba la maji likiwa chini uani. Mumewe alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, mwenye gari la kazi la kubebea vioo, na hakukuwa na siku ambayo vidole vyake vyote vilikuwa vizima. Daima kimoja au viwili vilikuwa na plasta. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia alimwita hivyo.

"Ameruhusiwa," alisema Mama Pacha kabla hajavua viatu.

"Mungu mkubwa!"

"Na ameongea."

"Ameongea?" Fundi aliinuka. "Kasema nini?"

"Kamwita mke wa mdogo wako."

Fundi alicheka, kisha akauona uso wa mkewe, kicheko akakimeza. "Si unamjua mama. Kichwa chake bado hakijatulia."

"Mtu akirudi kutoka kule alikokuwa yeye, anachorudi nacho mdomoni ndicho alichoondoka nacho moyoni. Basi, kamwita, aende kwake. Wana chumba cha wageni ambacho hakijawahi kulaza mgeni. Maji yako ndani. Sisi hapa tumpandishe ngazi ile vipi, kwa kamba?"

"Sijasema aje hapa."

"Hujasema, umenyamaza. Na kunyamaza kwako nakujua, ndiko kulikonioa."

Pacha, waliokuwa wakiandika kazi zao za shule kwenye meza moja, waliangaliana wakainama tena.

Habari ya ngazi ilikuwa ya kweli, na Mama Pacha aliitanguliza mbele kama ngao. Ile nyingine aliiweka nyuma. Wivu wake haukuanza siku ile. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na blauzi za Bibi Harusi zililetwa palepale, kila wiki, kwenye mfuko wa kitambaa. Alizitambua kabla ya kusoma kikaratasi, kwa manukato yaliyobaki kwenye kola hata baada ya sabuni. Alizipiga pasi vizuri kuliko za wateja wengine wote, mkono kwa mkono, kifungo kwa kifungo, ili mtu asije akasema. Siku moja alipobaki peke yake dukani aliivaa mojawapo juu ya gauni lake, akajitazama kwenye kioo cha mlango. Haikufunga kifuani. Aliivua upesi, akaipiga pasi upya.

Fundi alimpigia mdogo wake simu, akaiweka sauti ya wote kusikia.

"Kaka, wiki hii ni ngumu," alisema mdogo mtu. "Mwenzangu ana mambo ya kazi, mimi nasafiri. Pale alipo mama ana madaktari, ana manesi. Haraka ya nini? Mwacheni apate nguvu kwanza."

Mama Pacha aliisogelea simu. "Shemeji, anayeitwa si mimi. Mwambie mwenzako anaitwa."

Upande wa pili mdogo mtu alikohoa. Kisha, "Nitamwambia, shemeji."

"Basi hakuna cha gari," Mama Pacha alimwambia mumewe simu ilipokatika. "Akae palepale mpaka aliyeitwa aitike."

Fundi alitazama vidole vyake. "Tuangalie," alisema. Alikuwa mtu wa tuangalie.

*

Kesho gari halikuja, wala kesho kutwa. Mama Pacha aliendelea kufika na beseni lake kama kawaida, na kila Sista alipomkaribia alikuwa na neno tayari. Gari linasumbua. Mume yuko kazini mbali. Shemeji amesafiri, tunamngoja yeye ndiye mwenye nafasi. Hakuna lililokuwa uongo mtupu, lakini yote yalikuwa na harufu moja, na Sista alikuwa amevuta harufu hiyo miaka mingi.

"Mama," alimwambia asubuhi moja, akiandika joto la wagonjwa huku amesimama, "unaona vitanda hivi? Ukiniuliza wangapi humu bado wanahitaji hospitali, siwezi kukuambia hata nusu. Nilipoanza kazi, mtu wa kiharusi alikuwa anakaa kwetu muda mfupi. Anakwenda kwake, au anakwenda kwa Mungu. Vyovyote vile kitanda kinarudi. Sasa tunamwokoa. Mimi nafurahi, sijasema sifurahi. Lakini ile mashine ya picha ilikuja kwa ngoma na wakubwa wakakata utepe. Hujawahi kuona mtu anakata utepe wa kitanda. Wala wa nesi."

"Kwa hiyo mnataka mtutolee mgonjwa barabarani?"

"Nataka muwe nyumbani kwenu. Mgonjwa aliyepona akikaa hospitali, anaugua tena. Na aliye chini hajaanza hata kupona."

Aliye chini alikuwa ameshafungishwa mara mbili kwa ajili ya upasuaji. Aliambiwa asile wala asinywe, akaoshwa, akavikwa gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Kisha daktari wa mifupa akachungulia mlangoni, akazungusha macho juu ya vitanda, akaondoka bila kuingia. Mara ya pili msusi alibaki na gauni lile mpaka jioni, na alipoletewa chai aliinywa bila kuisemesha, yeye aliyekuwa akisemesha kila kitu.

Mzaha wake ulirudi kesho yake, kwa sababu ya mama mkwe. Kwa maana ilidhihirika kuwa mama mkwe alikuwa na neno lile moja tu. Akitaka maji, "Bibi Harusi." Akitaka kugeuzwa, "Bibi Harusi." Bakuli la haja lilikuwa Bibi Harusi, dirisha lilikuwa Bibi Harusi, na mfagiaji mwanamume mwenye ndevu akapita na ufagio wake, naye akaitwa Bibi Harusi kwa heshima zote.

"Kiharusi kimeingia, kimetoka, kimemwachia harusi," alisema msusi, na wadi ikacheka mpaka waliokatazwa kucheka kwa ajili ya mishono wakashika matumbo.

Mama Pacha alimtafuta daktari kijana, akamkuta ukumbini anakula mkate huku anatembea.

"Inatokea, mama," alimweleza. "Sehemu ya maneno ilikosa damu. Mengine yote yamefungiwa, moja limebaki mlangoni, basi kila kitu kinapita na hilo. Hamwiti mtu. Msichukulie moyoni."

Ingekuwa mtu mwingine angeridhika. Mama Pacha alirudi kitandani, akakaa, akamtazama mama mkwe akilala mdomo wazi. Maneno yote ya maisha ya mtu, alifikiri. Majina ya wanawe aliowazaa. Jina la marehemu mumewe. Maji, moto, Mungu. Yote yameteketea, na lililosalimika ni hilo. Kwa nini lisiwe jingine? Hata "wewe." Angesema "wewe" kutwa nzima, angeitika.

"Dada," alisema msusi kutoka chini, kwa sauti ndogo. "Niulize kitu?"

"Uliza."

"Mimi nikiruhusiwa hapa, hakuna atakayegombana juu yangu. Dada yangu yuko mbali, na mume alishanihama. Nawasikia ninyi mnavyovutana hapa kwenye simu, nawaonea wivu, wallahi. Lakini mkimaliza kuvutana, mtanipisha?"

Mama Pacha aliokota beseni akaenda kumwaga maji, na beseni lilikuwa tupu.

*

Bibi Harusi alikuja Jumapili, saa ya kuona wagonjwa. Kabla hajafika kitandani manukato yalishafika. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya maziwa, ambayo Mama Pacha aliipiga pasi Ijumaa, na mkononi ana mfuko wa matunda uliofungwa utepe. Mumewe alikuja nyuma yake akitafuta pa kukanyaga kati ya magodoro. Fundi alikuwepo, amesimama dirishani, akikagua kioo kilichopasuka kana kwamba ndicho kilichomleta.

"Shikamoo, mama," alisema Bibi Harusi, akapiga goti kwenye saruji.

Uso wa mama mkwe, ule upande ulio hai, ukachanua. Mkono wenye nguvu ukainuka, ukamshika shavu. "Bibi Harusi," alisema. "Bibi Harusi. Bibi Harusi."

Hapo Mama Pacha aliona giza. Daktari aseme atakalo, alisema moyoni, dirisha halijawahi kuchekewa hivi.

"Kumbe ndiye huyu mwenyewe!" alisema mama mmoja wa kitanda cha pili, na habari ikaruka kitanda hadi kitanda. "Bibi harusi kaja! Jamani ni mzuri kweli! Harusi ilikuwa lini, mwanangu?"

"Zamani kidogo," alisema Bibi Harusi, akitabasamu.

"Na watoto wangapi sasa?"

Tabasamu lilibaki palepale lilipokuwa, ila macho yaliondoka. "Bado, mama."

"Bado? Mh. Mungu atajalia."

"Amina." Alinyanyuka, akaweka matunda juu ya kabati dogo, akasema anakwenda kunawa mikono. Alitoka upesi, karibu akanyage mkono wa msusi.

Mama Pacha alimfuata. Hakumfuata kwa huruma. Alimfuata kwa sababu ndiyo kwanza mtu ametoka, kama kawaida, hata robo saa hajamaliza, na safari hii alitaka amwambie. Alimkuta nyuma ya jengo, penye mabomba, ambapo jamaa za wagonjwa huanika nguo. Alikuwa amesimama katikati ya mashuka yaliyolowa.

"Ndiyo umeshaondoka hivyo," alisema Mama Pacha. "Umeitwa toka juma lile. Au hukusikia? Mimi punda nimebeba, nimefua, nimekosa kazi, bosi wangu ananiambia pasi haijipigi yenyewe. Na anayeitwa ni wewe. Mchukue basi! Chumba unacho. Mtu anakupenda hivi, unataka nini tena?"

"Sitaki aje kwangu."

"Husemi kweli."

"Nasema kweli. Yule mume wangu hana safari yoyote. Nilimwomba aseme hivyo." Bibi Harusi aligeuka. Wanja ulikuwa umeshuka mpaka kidevuni. "Nimlaze ndani mwangu, aniite hivyo toka asubuhi hadi usiku?"

"Akuite vipi?"

"Wewe unadhani ananienzi." Alicheka kicheko kisicho na sauti. "Wewe uliitwa bibi harusi muda gani? Miezi. Kisha ukaitwa Mama Pacha, na hakuna atakayekunyang'anya mpaka unaingia kaburini. Mimi naitwa hivi mpaka leo kwa sababu hawana la kuniita jingine. Sikuwa mama wa mtu, nimebaki mlangoni na shela langu. Kila akiniita mbele za watu naona wanahesabu miaka. Mpeni kiti, asishike sufuria. Mgeni ndiye anayepewa kiti, dada. Wewe uliachiwa jiko."

Upepo ulilipiga shuka likamgusa Mama Pacha shingoni, la baridi. Na jambo la kwanza lililompata, kabla ya lolote jingine, lilikuwa furaha. Ilipanda kifuani kama moto wa karatasi: kumbe! Kumbe yule wa manukato anakosa usingizi kwa ajili yangu! Iliwaka mara moja, ikazimika, ikamwachia majivu mdomoni, akaona haya kama aliyefumaniwa.

"Mimi napiga pasi blauzi zako," alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini. "Pale kwa dobi."

"Najua. Ndiyo maana nazileta pale."

"Siku moja niliivaa moja."

Bibi Harusi alimtazama. "Ikakutosha?"

"Haikufunga kifuani."

"Umenyonyesha wawili kwa mpigo, ifunge kwa dawa gani?" Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya chenye kamasi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisuuza chupa ya chai akahamia bomba la mbali.

Kisha kicheko kikaisha, na jambo lenyewe likabaki palepale lilipokuwa.

"Kuna mtu sakafuni," alisema Mama Pacha. "Karibu umkanyage. Mguu wake unasubiri kitanda chetu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama aruhusiwe."

Bibi Harusi alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, pale Mama Pacha alipohangaikia mikunjo Ijumaa. "Chumba kipo," alisema mwishowe. "Lakini sijui kumgeuza mtu mzima. Sijawahi kumwogesha hata mtoto."

"Nitakuonyesha."

*

Walimchukua kesho yake asubuhi, kwa gari la kazi la Fundi, lile lenye fremu za kubebea vioo. Ndugu wawili walimbeba, na wake zao wakashika miguu. Sista alisimama pembeni akihimiza.

Msusi alikuwa amejiandaa toka kulipopambazuka. Alikuwa amechana nywele, amejifunga nguo safi, na vitu vyake vyote, kikombe, sabuni, kitana, alikuwa ameviweka ndani ya beseni dogo alilolipakata kifuani. Macho yake hayakubanduka kitandani. Msaidizi alivua shuka la zamani, akafuta godoro kwa dawa, akatandika jipya.

"Nendeni salama," msusi aliwaambia. "Bibi, harusi njema."

Kabla hawajafika mlangoni, mlango ulisukumwa kutoka nje. Machela iliingia kwa kasi, juu yake msichana mwenye sare za kiwandani, mdomo umekwenda upande, mama yake akikimbia kando ameshika kiatu kimoja. Daktari kijana alikuwa akisukuma mwenyewe. "Ameshapigwa picha, sindano imeanza," alisema akihema. "Sista, kitanda!"

Sista alitazama kitanda cha dirishani. Alitazama sakafu. Haikuchukua muda.

"Mlete," alisema.

Mama Pacha aliuachia mguu wa mama mkwe mikononi mwa Bibi Harusi, akarudi mbio. "Sista! Kile ni cha msusi! Sisi tumetoka kwa ajili yake!"

"Kitanda hakina jina la mtu, mama."

"Lakini uliniambia—"

"Nilikuambia siku ile." Sista hakupandisha sauti, alikuwa tayari anaifunga chupa ya maji ya mshipa kwenye chuma chake, amempa mgongo. "Siku ile hapakuwa na machela mlangoni. Wewe ulikuwa unaiona sakafu hii kila siku, asubuhi na jioni. Leo ndiyo imekuuma?"

Msusi alilishusha beseni lake kifuani, akaliweka ubavuni, akakitoa kikombe, akakirudisha pale kilipokuwa kikikaa. Hakumtazama mtu.

*

Mama mkwe alikaa vizuri kwa Bibi Harusi. Kwa siku za mwanzo Mama Pacha alishinda huko, akimfundisha mwenzake kumlaza ubavu, kuweka mto kati ya magoti, kupima joto la uji kwa nyuma ya mkono. Bibi Harusi alitapika mara ya kwanza, akalia mara ya pili, mara ya tatu akafanya. Alipunguza saa za ofisi. Alikata kucha zake ndefu. Mwezi haujaisha, Mama Pacha alifika jioni moja akakuta mama ameshaogeshwa, amekalishwa kitini penye kivuli, na jirani mmoja amesimama akisifu.

"Mkwe kama huyu hapatikani," jirani alisema, akimwonyesha Bibi Harusi. "Kamlea kama yai."

"Hapatikani," aliitikia Mama Pacha.

"Na jana alisema 'maji,' dada!" Bibi Harusi alimwambia kwa furaha. "Wazi kabisa. Juzi alisema 'mwanangu.' Laiti ungekuwepo!"

"Laiti," alisema Mama Pacha, na akatabasamu kwa meno yote. Njiani kurudi kwake alijiona anatembea kwa kasi bila sababu. Alikuwa ameutua mzigo, ni kweli, na alikuwa analala usiku. Lakini "mwanangu" lile lilitamkwa wakati yeye yuko dukani, ameinamia suruali ya mtu asiyemjua, na aliyelipokea ni mwingine. Wivu haukuwa umekufa. Ulihama chumba tu.

Habari za msusi alizipata kwa mfagiaji wa hospitali, aliyeleta koti lake kwa dobi. Alipata kitanda baadaye, alisema, baada ya mgonjwa mmoja wa kona kufariki. Lakini mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga wenyewe, kombo. Wakauvunja upya ndipo wakatia chuma. "Anatembea," alisema mfagiaji. "Mguu mmoja umekuwa mfupi. Ila anatembea."

Mama Pacha aliulizia saluni yake. Ilimchukua muda kwenda. Kila wiki alipata sababu, na kila sababu haikuwa na uongo mtupu. Hatimaye alikwenda, Jumamosi mchana, akakuta kibanda chenye kioo kimoja na mabenchi mawili, fimbo imeegemezwa ukutani. Msusi sasa alisuka akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, mteja chini yake kwenye mkeka.

"Bibi wa dirishani hajambo?" aliuliza msusi, kana kwamba waliachana jana.

"Hajambo. Maneno yanarudi."

"Vizuri. Kaa."

Alikaa chini, mgongo kati ya magoti ya yule mwanamke, moja likiwa juu kidogo kuliko jingine. Kitana kikapita kichwani, kikagawa nywele, vidole vikaanza kazi. Vilikuwa vigumu, na vilivuta.

"Ninavuta sana?"

"Hapana."

Nje watu walipita wakizungumza. Mama Pacha alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na sasa aliyaona yote yamemtoroka, limebaki moja tu, fupi na la aibu.

"Tungeondoka mapema," alisema. "Gari lilikuwepo. Siku ileile tuliyoambiwa, gari lilikuwepo."

Vidole havikusimama.

"Najua," alisema msusi. "Nilikuwa sakafuni, dada, sikuwa kaburini. Nilisikia kila kitu." Alichovya kidole kwenye mafuta, akafuata mstari wa kichwa hadi kisogoni. "Inamisha kichwa."